Mshenga Aliyenifunga Akanifungua

Ng'ombe kumi na wanne. Nimewahesabu asubuhi, nimewahesabu jioni, ni kumi na wanne, na kati yao mitamba sita ambao hata leo nawakumbuka mmoja mmoja. Ongeza mbuzi wawili wa kuwalainisha wazee, blanketi zito la mama mkwe, na jozi ya viatu vyangu iliyobaki kwenye tope la Mwamapalala, kijijini kwa mume wangu. Hiyo ndiyo bei niliyolipa kutoka katika ndoa yangu, mimi ambaye sijawahi kununua fungu la nyanya bila kudai nyongeza. Kwa ng'ombe wale sikuomba kupunguziwa hata mmoja. Aliyenikataza kuomba ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Nitamwita Mshenga, kwa sababu Bariadi nzima ilimwita hivyo, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyohivyo.

Msimfikirie mtu wa kanzu na maneno ya asali. Alikuwa mrefu, mkavu, na koti la jeshi lisilovuliwa hata jua lilipopasua mbuga. Watu walisema koti lile lina mifuko ya siri imejaa noti. Siku moja nilimshikia wakati ananawa: lilikuwa na mifuko minne, yote imetoboka. Alikuwa pia na baiskeli, na katika miaka yote niliyomfahamu sikumwona juu yake. Aliisukuma. Alisema mtu anayeshuka kwenye baiskeli mbele ya kaya ya watu anaonekana ana haraka, na mwenye haraka hulipa zaidi. Mimi nadhani hakujua kuendesha. Lakini sababu yake ilikuwa nzuri kuliko ukweli wangu, kwa hiyo nimeitunza.

Kwenye mapatano hakula mpaka maneno yaishe. Wenyeji waweke ugali wa mtama, kuku, maziwa ya mgando. Yeye ananawa, anasogeza mkono, halafu anakumbuka jambo la kuuliza. Kuku anapoa. Upande wa pili umeshiba, macho yanalegea. "Aliyeshiba hukubali upesi ili alale," alikuwa akisema. Hila hiyo nimeipeleka sokoni. Mfanyabiashara wa jumla simfuati asubuhi, namfuata akishakula pilau.

Kazi yake aliifanya kwa vijiti. Upande wa msichana unapanga vijiti chini, kila kijiti ng'ombe mmoja wa mahari. Upande wa mvulana unavinyanyua kimoja kimoja, na kila kinachonyanyuliwa lazima kiwe na sababu yake. Washenga wengine walinyanyua kwa makelele. Huyu alinyanyua kwa huzuni, polepole, kama mtu anayeagizwa kufanya jambo ambalo roho yake hailitaki, na wenye binti wakajikuta wanamwonea huruma mtu anayewakata ng'ombe.

Najua, kwa sababu alinikata mimi. Ukoo wa mume wangu ndio uliomtuma kwetu Nassa. Mwanamke haketi kwenye mapatano ya mahari, hata kama mahari ni yake, kwa hiyo nilisikiliza nikiwa nyuma ya ghala la mtama, sikio kwenye ukuta. Baba alipanga vijiti ishirini. Mshenga akavihesabu kwa kidole, kisha akanyanyua kimoja: binti ni mwembamba. Baba akasema mwembamba lakini ana nguvu. Mshenga akakubali, akasema ndiyo maana amenyanyua kimoja tu. Cha pili: binti amezoea samaki, na kule Mwamapalala ziwa liko mbali, itabidi mume amtafutie dagaa kila mnada. Cha tatu kilinichoma.

"Tumesikia binti anapatana bei na bibi yake mzaa baba," alisema. "Mwanamke wa hivyo ni hasara kwa mume. Kila siku atakuwa anadai."

Baba akacheka, na ukicheka umeshalegea. Tukafika kumi na wanne. Nilikuwa nyuma ya ghala nahesabu nikishuka, nimekasirika mpaka machozi, na huku moyoni nasema: huyu mtu ni fundi. Soko lote nilijifunza siku ile, na ada yake ilikuwa ng'ombe sita wa baba yangu.

Sasa ni lazima nieleze pamba, maana bila pamba hakuna ninachosimulia. Miaka ile tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na pamba ilikuwa na mlango mmoja tu: chama cha ushirika. Jina kwenye kitabu lilikuwa la mume. Mke analima, anapalilia, anachuma, anatenga pamba safi na fifi, ile iliyochafuka, mpaka vidole vinachanika. Siku ya malipo anayeitwa ni mume. Halafu biashara ikafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, wakatundika popote penye kivuli, wakaanza kugombania wakulima. Watu hawa hawakuuliza ndoa, waliuliza kilo. Ukifika na mzigo, unapimiwa, hela mkononi mwako, awe mwanamume, awe mwanamke, awe jini.

Nani aliyeelewa kwanza? Wanawake. Wanaume walikuwa bado wanabishana kama ushirika utafufuka.

Mimi nilikuwa na shamba langu, alilonimegea mama mkwe. Misimu miwili nilipima mwenyewe. Nikampa mume wangu hela anunue maksai na plau, tulime zaidi. Akaondoka kuelekea Kimali, ambako alisema maksai ni wazuri. Akarudi na msichana. Yaani nilikuwa nimeoa mke mwenza kwa pamba yangu, na hata kwenye mapatano sikualikwa.

Niliondoka na kanga mbili. Watoto wangu watatu, Minza, Mabula na Holo, walibaki. Kwetu mume akishatoa ng'ombe, watoto ni wa ukoo wake, na mke akiondoka anatoka kama alivyoingia, bila mtoto wa kubeba mgongoni. Kurudisha mahari hatukuweza. Ng'ombe wangu walishamwolea kaka yangu mke, na mke huyo alishazaa. Nilikwenda mahakama ya mwanzo, nikapewa tarehe, tarehe ikazaa tarehe. Hata ningeshinda, nani angeingia ile kaya na karatasi mkononi awatoe watoto mbele ya wazee? Nikakaa Bariadi mjini, nikaanza na dagaa wa nyumbani, nikamaliza na mizani. Niliwanunulia pamba wanawake wenzangu, niliipeleka kwa mnunuzi mkubwa, nilipata changu katikati. Siku za mnada niliwaona wanangu kwa mbali wakiwa na shangazi yao. Holo alianza kunisahau. Nilimpa muwa, akamwangalia shangazi kwanza kama apokee.

Hapo ndipo nilipomjua Mshenga upya, kwa sababu mizani yangu ilikuwa jirani na banda alilokunywea chai. Alikuwa akinitazama ninavyopima, hasemi kitu. Siku moja akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, unampa mteja kilo yake halafu unamwongezea neno tamu. Acha neno tamu. Wataanza kujiuliza umewaibia wapi." Nikaacha. Wateja wakaongezeka.

Mambo ya haki za wanawake yalipoanza kuvuma, kila mwanamke mwenye mdomo akaitwa mtu wa Beijing, kwa ule mkutano wa akina mama wa kule China. Mshenga aliuliza huko Beijing ni upande gani wa Maswa. Alikuwa mpinzani mkubwa, na nisimpambe. Alisema mwanamke anayepokea hela ya pamba mwenyewe ni kama ndama aliyefunguliwa kamba kabla ya ng'ombe kukamuliwa: nyumba italala bila maziwa. Alisema wanaume wataacha kuoa, watakaa wanatazamana. Alisema hayo yote akiwa amesimama karibu na mizani yangu, kwa sauti, na wanawake waliopanga foleni wakamjibu kwamba wanaume kutazamana si jambo geni, wamekuwa wakifanya hivyo kwenye pombe miaka yote.

Basi siku hiyohiyo jioni, yeye akiwa ameshaondoka na foleni ikiwa bado ndefu, nikamwona mkewe. Mwanamke mfupi, mcheshi, jicho kali. Mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wote, na haukuja kichwani. Ulikuja kwenye baiskeli, na baiskeli ilikuwa inasukumwa na Mshenga. Alipokaribia akasimama mbali kidogo, akageuza uso upande wa barabara, kama mtu aliyekutana na mzigo huo njiani na hamjui mwenyewe. Mkewe akapima, akahesabu noti, akazifunga kwenye pindo. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu mgongo uanze kumsumbua, ni miaka mitatu mzee ndiye anayekwenda kisimani, kabla watu hawajaamka, na akikutana na mtu anasema anawanywesha ndama. Hawakuwa na ndama.

Na mke alikuwa huyo mmoja tu. Mtu aliyeoza nusu ya wilaya, aliyejua kila kaya yenye msichana mzuri na bei yake. Wanaume walimwuliza mbona hakujiongezea. Jibu lake halikubadilika: "Nimewasindikiza watu mpaka milangoni. Kesho yake napita nasikia kelele. Mimi nataka kulala."

Kisha ikaja semina. Ukumbi wa wilaya, soda za bure, akina mama tumejaa, na wazee wachache walioalikwa ili wasiseme hawakuambiwa. Mwezeshaji alikuwa dada mmoja kutoka Mwanza, mchangamfu, anaongea Kisukuma cha kuchekesha. Akachora saa mbili ubaoni, moja ya siku ya mwanamke, nyingine ya siku ya mwanamume, akatuomba tuzijaze. Ya mwanamke ikajaa mpaka tukakosa mahali pa kuandika kulala. Ya mwanamume ilikuwa na nafasi za kutosha kulimia. Ukumbi ukacheka, wazee wakatazama viatu. Mshenga akanyanyua mkono, akasimama na koti lake.

"Nimehesabu," alisema. "Kama kazi ni hizi, basi sisi washenga tumewaibia wazazi wa wasichana. Mahari ni ndogo mno. Iongezwe mara mbili."

Akina mama tukapiga vigelegele, tukidhani mzee ameongoka. Dada wa Mwanza hakupiga. Alimwuliza taratibu, "Na ikiongezwa, baba, inaingia kwenye zizi la nani?"

Mshenga aliangalia saa ya mwanamke ubaoni, akaangalia chini, akakaa. Soda yake hakuimaliza. Nilikuwa sijawahi kumwona amekosa cha kunyanyua. Ni swali la yule dada lililonipa ujasiri wa kumfuata, maana niliona limemwingia.

Nilimkuta kwake jioni, anapukuchua mahindi, akayasukuma pembeni haraka aliponiona. Nikasalimia, "Mwadila, baba," akaitikia. Nikamweleza: nina ng'ombe. Miaka minne ya mizani, nimenunua mmoja mmoja mnadani, nimewaweka kwa kaka yangu Nassa. Wamefika kumi na wanne. Nataka kurudisha mahari yangu, na nataka yeye ndiye aniongelee, kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga na anajua fundo lilivyokaa. Nikaongeza kwamba kwa desturi, mke aliyezaa hukatiwa ng'ombe wa watoto kwenye mahari inayorudi, na kwa watoto watatu, akipigana vizuri, huenda nikarudisha watano au sita tu. Nilikuwa nimeshaipiga hesabu mara mbili na nilijivunia.

Akaniuliza swali moja. "Mayu, umekuja kutafuta ng'ombe au watoto?"

"Watoto."

"Basi usikubali kupunguziwa hata mmoja."

Nikasema sijaelewa. Akanieleza kama anayemweleza mgeni. Ng'ombe anayekatwa kwa ajili ya mtoto ndiye bei ya mtoto huyo. Ukikubali kupunguziwa, umekubali kwamba mtoto ameshalipiwa na ni wa baba yake, na hakuna mzee atakayekusikiliza tena. Lakini mahari ikirudi yote, pembe na kwato, basi ni kama hakuna aliyeoa. Na mtoto ambaye hakutolewa ng'ombe ni wa kwa mama yake. Desturi ni ileile, ila hakuna anayeitumia upande huo, kwa sababu hakuna mwenye mahari anayependa kurudisha yote.

Niliona mwanga, halafu niliona mitamba wangu sita wakiondoka. Nikamwuliza, kwa unyonge, kama haiwezekani kubakisha hata mmoja, yule mwenye doa. Akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Tatizo si wewe kulipa," alisema. "Tatizo ni wao. Ukiwapelekea kumi na wanne kwa heshima, yule baba mkubwa wa mumeo atanusa. Atasema, hapana binti yetu, kateni wa watoto, sisi si watu wabaya. Hapo umekwisha. Inabidi wakatae wenyewe."

Kuhusu haki, nilipoitaja, aliniambia haijui. Anajua ng'ombe.

Tulikwenda Mwamapalala mimi, yeye na kaka yangu. Ng'ombe tuliwaacha nyuma ya kilima na wachungaji wa kaka. Mvua ilikuwa imenyesha, viatu vikanasa, nikavua. Wazee wa ukoo wa mume walikuwa saba, mume wangu amekaa nyuma yao kama mtuhumiwa, na majirani wawili mashahidi. Wakasema mwanamke akae na wanawake jikoni. Mshenga akajibu hana neno na mwanamke, ila mwenye ng'ombe lazima awepo ng'ombe wake wakitajwa, na bahati mbaya hapa mwenye ng'ombe ndiye huyu. Wakatazamana. Wakanipa kigoda. Ndivyo nilivyoketi kwenye mapatano kwa mara ya kwanza maishani, na hakuna aliyesema neno Beijing.

Mshenga akapanga vijiti kumi na vinne. Kisha akaanza kufanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya: akapatana vibaya. Alipiga kelele. Alirusha mikono. Alisema mwanamke huyu amewazalia watoto watatu, wazima, wenye meno, na kila mtoto akatiwe ng'ombe watano. Baba mkubwa wa mume, mzee mwenye sauti ya kuita mifugo, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Watano mara tatu ni kumi na tano," alisema. "Mahari ilikuwa kumi na wanne."

"Ndiyo," Mshenga akasema. "Mnatudai kumi na wanne, tunawadai kumi na watano. Mtatupa mmoja, tutakwenda naye."

Nilidhani watatupiga. Wazee walisimama wote, mmoja fimbo ikamdondoka. Kaka yangu, ambaye hatukumweleza kitu kwa sababu uso wake hausitiri, alinifinya mkono akanong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa, tuondoke. Baba mkubwa akasema amewahi kuona wezi wa mifugo lakini hajaona mwizi anayekuja kuombea ng'ombe kwenye kigoda. Mshenga akashusha: basi wanne kila mtoto. Hawataki. Watatu. Hawataki hata kusikia. Kila aliposhuka, wao walipanda, na walipanda kwa hasira yenye raha, hasira ya mtu anayeona anashinda.

"Hukatiwi hata ukwato," baba mkubwa alisema mwishowe. "Wote kumi na wanne, na pembe zao. Hakuna ng'ombe wa mtoto hapa."

Mshenga akainamisha kichwa. Akavuta pumzi kama mtu aliyefiwa. Akawageukia majirani wawili, akawauliza kama wamesikia, maana yeye ni mzee na masikio yamechoka. Wakasema wamesikia: hakuna ng'ombe wa mtoto. Akamwuliza baba mkubwa kama hataki kulala akafikirie. Baba mkubwa akasema neno lake halilali.

Basi tukapiga mluzi, na ng'ombe wakateremka kilima. Nakumbuka walivyong'aa kwa mvua, na wazee walivyosahau ukali wakaanza kushika manundu na kutazama meno. Waliwahesabu, wakawaingiza zizini, wakafunga kwa miti.

Mshenga akaniangalia. "Mayu, waite wanao."

Mume wangu ndiye aliyeuliza wanao wepi. Mshenga akamjibu bila ukali kwamba ukoo wake umekataa, mbele ya mashahidi, kuwatolea ng'ombe hata mmoja, na mtoto asiyetolewa ng'ombe anajulikana ni wa nani. Au desturi imebadilishwa leo asubuhi na yeye hakuambiwa? Mzee mmoja, mdogo kuliko wote, akaanza kucheka, akajiziba mdomo. Baba mkubwa alitazama zizi. Akatazama watoto waliosimama mlangoni kwa bibi yao. Akatazama zizi tena. Angeweza kutoa ng'ombe tisa, watatu kwa kila mtoto, wakarudi kwangu, na watoto wakabaki. Nilisubiri afungue mdomo. Hakuufungua.

Mume wangu aliinuka. Nilijua kwamba yeye hakuulizwa chochote siku ile, kama ambavyo mimi sikuulizwa Nassa. Wazee walimwamulia kuoa, wakamwamulia kurudishiwa. Aliingia ndani, akatoka na nguo za watoto amezifunga kwenye shuka. Akanikabidhi. Kwa Holo alichuchumaa, akamfunga kifungo cha shati, akashindwa, akamfunga tena. Tangu hapo alikuja kuwaona mjini kila mwezi, amebeba michembe ya viazi vilivyokaushwa, na tulikuwa na mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo tukiwa mke na mume. Aliniambia angependa ningemfundisha mizani. Nilimfundisha. Anapima vizuri, ila anaongeza neno tamu.

Habari ilifika Bariadi kabla yetu. Wanawake walininunulia kanga, wanaume wakamnunia Mshenga. Walisema ameuza siri ya nyumba ya wanaume. Msimu mzima hakutumwa hata mara moja. Banda la chai walimwachia benchi peke yake. Alikonda zaidi, na nilipompelekea mchele alinirudishia nusu, akisema mkewe amepima kilo za kutosha. Halafu wakaanza kuja akina baba wenye mabinti, mmoja mmoja, kwa siri. Walitaka mtu anayejua njia ya kuingilia na njia ya kutokea. Wakaja hata vijana wa kiume wakimwuliza wafanye nini ili mke asije akawarudishia ng'ombe. Aliwaambia wampelekee mke mzigo wake kwenye mizani, na wasigeuze uso. Yeye mwenyewe aliendelea kugeuza.

Alinipinga mpaka mwisho, sitaki mseme nimemgeuza. Aliponiona naingia kwenye siasa za kata alisema nimeanza kuuza kitu kisichopimika. Lakini Minza alipofaulu kwenda sekondari, alisukuma baiskeli kutoka kwake mpaka kwangu na sanduku la bati juu yake.

Mara ya mwisho niliyomwona, Simiyu ilikuwa tayari mkoa na Bariadi imejaa maghorofa ya watu wenye haraka. Aliingia dukani kwangu na fimbo, bila baiskeli, koti limekuwa kubwa kuliko mwili. Mkewe alikuwa ameshafariki. Nikampa kiti, nikampa chai, akainywa yote, na hilo lilinitisha, maana alikuwa na jambo la kupatana na ameshakula.

Mjukuu wake, msichana anayefanya kazi ofisi ya mkoa, anaolewa. Mchumba ni kijana mwema. Wamekubaliana wao wawili kwamba hakuna mahari. Hawataki vijiti, hawataki ng'ombe, kila mmoja aingie kwa miguu yake. Mjukuu amesema yeye si bidhaa. Wazazi wa pande zote wamemwachia babu aamue.

Nikacheka kwa furaha, nikamwambia hayo ndiyo tuliyoyapigania. Hakucheka.

"Wewe ulitoka kwa sababu kulikuwa na kitu cha kurudisha," alisema. "Ulikiweka mezani, mlango ukafunguka, watoto wakatoka. Huyu akitaka kutoka atarudisha nini? Wazee watamhesabia nini?"

Nikamwambia siku hizi kuna sheria, kuna dawati la jinsia, kuna mshahara wake mwenyewe. Akaniuliza tarehe zangu za mahakama ziliishia wapi. Nikamwambia zama zimebadilika. Akasema huenda, naye anatamani iwe hivyo, kwa sababu mjukuu akieleza hayo uso wake unawaka, na hajawahi kuona bibi harusi mwenye uso ule katika kaya zote alizoingia. Wote aliowaoza walikuwa nyuma ya ukuta.

Nikahesabu kwa vidole, sheria, dawati, mshahara, kisha nikahesabu mara ya pili.

Akasimama, akaegemea kaunta yangu kwa mikono yote miwili. "Wanakuja Jumamosi, mayu. Nipange vijiti, au nikunje mikono nimwamini? Nishauri, maana mwenzangu wa kumwuliza amelala."